Barua ya wazi kwa vijana mnaoandika habari za bibi zenu wa kihambani

Wajukuu zangu wa Uchagani, mliopo nyumbani na mlio mbali,

Kurasa mlizoanza kuandika zina upande mmoja. Babu ana namba ya uanachama, idadi ya miche na mwaka alioezeka bati. Bibi "alikuwa mama wa nyumbani, akimsaidia mzee shambani." Futeni sentensi hiyo, mwanze upya kwenye kahawa.

KNPA, chama cha kwanza cha wenyeji waliolima kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa 1925, na chama cha ushirika cha KNCU kikafuata 1933. Kadi ya uanachama ilikuwa ya mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, na mwenye kihamba kwa kawaida alikuwa mwanamume, kwa hiyo daftari la chama litawapa kilo na jina la babu tu. Basi zirudisheni kilo hizo nyuma. Kilo 1 ya kahawa ya maganda, yaani iliyomenywa, ikaoshwa na kukaushwa, hutokana na kilo 5 hivi za kahawa mbivu. Kilo 50 alizopeleka mzee ni kilo 250 zilizochumwa punje kwa punje, nyekundu tupu, mti uleule ukirudiwa kila baada ya siku kumi au wiki mbili.

Na kahawa haingoji. Ya leo humenywa leo leo, la sivyo inaanza kuchachuka ndani ya ganda. Ndiyo maana mashine ya mkono ilizungushwa jioni kwa mwanga wa taa ya chemli. Ikibanwa mno inakwaruza punje, ikilegezwa matunda yanapita mazima. Kisha huvundikwa siku moja au mbili, na kule juu kwenye baridi hata zaidi. Hapakuwa na saa ya ukutani. Mama aliingiza mkono, akasugua punje kiganjani: zikiteleza, bado, zikikwaruza kama changarawe, zioshwe wakati huohuo, hata kama ni usiku wa manane. Akichelewa zinanuka, na chache tu zilizonuka huharibu mzigo wote. Halafu vichanja, wiki moja hadi mbili za kugeuza, na kufunika kila wingu linapoonekana. Sasa jiulizeni nani alifunika siku ya soko, na mtoto mchanga alikuwa mgongoni kwa nani.

Hayo ni ya msimu. Ya kila siku yalikuwa majani. Ng'ombe alifungwa zizini, na majani yalikatwa kule chini, yakapandishwa mlima kichwani. Bila majani hakuna samadi, bila samadi mgomba unadumaa, na mgomba ndio kivuli cha kahawa. Ulizeni alikata wapi, kisha mtembee njia hiyo wenyewe, kupanda, mkiwa na mzigo. Msiende na gari.

Ndizi zilikuwa za bibi. Za sokoni na za mbege, pombe ya ndizi na ulezi, zilinunua chumvi na mafuta ya taa. Fedha ya kahawa ilipita kwa mzee. Mkimwandika kama mtu asiye na mapato mmemdhulumu. Katika mbege pia mwulizeni ulezi ulitoka wapi, kimea alikiotesha siku ngapi, na magome ya msesewe, mti wa kutilia uchungu, alikadiriaje, kwa sababu yakizidi pombe inakuwa chungu, hainyweki.

Serikali ya kikoloni nayo ilimhesabu, ila kama nyumba: kodi ya kibanda aliilipa mume, na mwenye wake wengi alilipia vibanda zaidi. Jina lake litafuteni kwenye vitabu vya ubatizo vya misheni, mahali pa mama wa mtoto. Huko huonekana mara nyingi kuliko kwingine.

Kuhusu uzazi, msiishie kwenye mtori na mlaso, vyakula vya mzazi vya ndizi na vya damu ya ng'ombe. Mzazi alipumzishwa miezi mitatu hivi, lakini ng'ombe hakupumzika kula. Nani alikata majani miezi ile? Mama mkwe? Mke mwenza? Binti aliyeachishwa shule? Jibu hilo peke yake linaweza kujaza ukurasa.

Mkifika kwa bibi, msimwulize "maisha yalikuwaje." Atasema yalikuwa magumu, namshukuru Mungu, na mtabaki mikono mitupu. Bebeni konzi ya kahawa mbichi iliyomenywa, bado ina utelezi, mumwekee kiganjani mwulize imefikia wapi. Mwende asubuhi, jioni wanachoka.

Ni mimi, mzee wenu.