Shukrani kwa Mzee wa Fenway Park

Natoa shukrani za dhati kwa mzee ambaye sikupata kumwuliza jina, aliyeketi kando yangu Fenway Park, uwanja wa besiboli uliofunguliwa Boston mwaka 1912, Jumatatu ya tatu ya Aprili, siku ambayo mechi huanza asubuhi na wengi wakitoka huenda kuwatazama wakimbiaji wa marathoni. Alinigawia nusu ya blanketi lake (majira ya kuchipua ya huko yana baridi, msidanganyike), akanieleza kwa subira kwamba mpira ukigonga ule ukuta wa kijani, wenye kimo cha mita 11, mchezo unaendelea, kisha akanisindikiza hadi Kenmore, eneo lililo karibu na uwanja. Aliposikia natoka Kenya, alimtaja papo hapo Mkenya Ibrahim Hussein, bingwa wa marathoni hiyo ya Boston mwaka 1988. Mzee wangu, Mungu akuzidishie afya.