Msitazame sauti ya mtoto, tazameni masikio yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi na vijana wanaojaza fomu za vyuo. Mimi ni mtayarishaji wa vipindi vya redio, huu ni mwaka wa 16, na shahada yangu ni ya uandishi wa habari wa utangazaji. Kila majira ya udahili simu yangu haipoi. Anayepiga ni rafiki, au mtu aliyepewa namba yangu na mtu mwingine, na maneno ni yaleyale: "Dada, mwanangu anaongea kama chiriku na sauti anayo. Si asome utangazaji?"

Nami huuliza: mwenzake akiongea, yeye anafanya nini?

Siwategi. Nyuma ya sauti moja inayosoma taarifa ya habari yuko mhariri wa zamu anayeamua habari ipi itangulie, mwandishi aliyekwenda kwenye tukio, mtayarishaji anayehesabu sekunde na fundi mitambo. Mei 6, 1937, meli ya anga ya Hindenburg, puto kubwa la kubebea abiria, ilipoungua huko Lakehurst, Marekani, kilio cha mtangazaji Herbert Morrison kilibaki kwenye kumbukumbu za dunia. Kilibaki kwa sababu pembeni yake alikuwepo fundi, Charles Nehlsen, akichunga mashine ya kurekodia santuri. Watoto wengi wanaokwenda kusoma kozi hii wanataka kuwa Morrison. Kazi zilizopo nyingi ni za Nehlsen.

Hata huko kusoma habari kwenyewe si koo tu. Vitabu vya Kiingereza hufundisha kwamba msomaji husoma maneno 3 kwa sekunde, na nimewaona wanafunzi wakipima skripti za Kiswahili kwa kipimo hicho. Hakitufai. "Watakapowasilishiwa" ni neno moja lenye silabi 9. Mwaka 1997, ambao machoni ni tarakimu nne, mdomoni ni "elfu moja mia tisa tisini na saba", silabi 14, na msomaji ameishiwa pumzi kabla hajafika kwenye habari yenyewe. Mhariri wangu wa kwanza alikuwa akikuta nimeandika 1,248,316, anakata kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake: "karibu milioni moja na robo". Msikilizaji hana ukurasa wa kurudia. Hilo ndilo somo kubwa la shahada nzima, na halihitaji sauti ya kubembeleza.

Kosa langu lililoniuma zaidi lilitokea wiki ya pili kazini. Nilitafsiri habari ya shirika la habari la nje iliyosema mkutano ungeanza saa 19:00. Nikatoa 12, nikapata 7, nikaandika "saa saba usiku". Ikaenda hewani mara mbili. Ilikuwa saa moja usiku. Wasikilizaji walipiga simu, na walikuwa wameambiwa muda wenye makosa kwa mkono wangu mimi, si wa msomaji aliyeaminiwa na watu. Tangu siku hiyo kila saa ninayoiandika naihesabu kwa vidole, na kila mwanafunzi anayekuja kwetu kwa mafunzo kwa vitendo nampa zoezi la saa kabla ya kumwonyesha studio.

Sasa nigeuke kwa vyuo. Chuoni kwetu, ambacho sitakitaja, maikrofoni tulizichora kwenye daftari: ya kupokea sauti ya mbele tu, ya pande zote, na ile ndefu ya kwenye kamera. Nilipata alama nzuri. Studio ilikuwa na kufuli, ufunguo anao mtu mmoja, naye mara nyingi hayupo. Kwa miaka mitatu nilikaa mbele ya kipaza sauti mara nne. Mzazi, kabla hujalipa ada, uliza: mwanafunzi anashika kinasa sauti saa ngapi kwa wiki? Nani anasikiliza kazi yake na kumrudishia airekebishe? Sheria ya kashfa inafundishwa na mtu aliyewahi kuitumia? Chuo kisichoweza kujibu maswali hayo kitampa mtoto cheti na daftari lenye michoro.

Kuhusu ajira nitasema ninachokijua. Wenzangu wanane tuliohitimu pamoja bado tunawasiliana, na anayesoma habari ni mmoja. Wengine, yupo anayehariri makala za televisheni, yupo anayeandika manukuu kwa ajili ya watazamaji viziwi, mmoja anatunza kumbukumbu za sauti, mmoja ni msemaji wa taasisi, wawili wanatengeneza podkasti. Wa nane anahakiki picha na video zinazosambaa mitandaoni, kazi ambayo hatukuwahi kuisikia darasani. Karibu wote walianza kwa kujitegemea, wakilipwa kwa kila habari iliyotumika, na miezi mingine ilikuwa mikavu. Na kwa kuwa sasa kompyuta nayo inasoma maandishi kwa sauti laini, anayekuja na sauti peke yake namhofia.

Mwezi uliopita binti wa jirani alikuja kazini kwetu kuangalia. Nilimvalisha hedifoni, nikamwomba tukae kimya sekunde 30 turekodi sauti ya chumba, ile tunayoichukua baada ya kila mahojiano ili mhariri apate cha kuziba alipokata. Wageni wengi huanza kucheka au kuangalia simu. Yeye alifumba macho. Alipozivua akasema: "Shangazi, kuna feni inazunguka nyuma ya huu ukuta, na juu kuna mtu amevaa viatu vizito."

Jioni nilimpigia mama yake, nikamwambia ajaze fomu.

Mtayarishaji wa vipindi vya redio