Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: "Kila mtu ana maoni yake" si jibu

Mheshimiwa Waziri,

Salaam, pamoja na heshima zote zinazostahili cheo chako. Nilikwishakuandikia kwa njia za kawaida, kwa bahasha na kwa barua pepe, na kilichorudi ni ule ujumbe wa mashine kwamba barua yangu imepokelewa na inafanyiwa kazi. Kwa kuwa hiyo kazi haionekani, leo naandika hadharani.

Juzi kwenye mahojiano mtangazaji alikuuliza kuhusu posti ya yule msanii aliyewaambia mashabiki wake kwamba chanjo ya surua inaleta usonji (autism). Ukacheka kidogo, ukasogeza kipaza sauti, ukasema "kila mtu ana maoni yake," kisha mkahamia kwenye bajeti. Basi. Klipu hiyo sasa inazunguka kila kona ikiwa na maneno mapya juu yake: "Hata Waziri hajakanusha."

Maoni, Mheshimiwa? Kwamba wimbo wake mpya haufikii wa zamani, hayo ni maoni. Kwamba barabara zijengwe kabla ya viwanja vya mpira, hayo nayo ni maoni, na tunaweza kubishana mpaka kuche. Lakini kama sindano inaleta usonji au haileti ni jambo lililokwisha kupimwa, na majibu yapo. Uvumi huu ulishika kasi kutokana na makala ya mwaka 1998 katika jarida la The Lancet, ya daktari Andrew Wakefield na wenzake, iliyohusu watoto 12. Kumi na wawili tu! Mwaka 2010 jarida liliifuta makala hiyo, na mwaka huohuo Wakefield akafutwa kwenye rejista ya madaktari wa Uingereza. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walitoa matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya 650,000: waliochanjwa hawakuwa na hatari kubwa ya usonji kuliko wasiochanjwa. Haya unayajua kuliko mimi. Una washauri, mimi nina simu yenye kioo kilichopasuka.

Na usiniambie waziri hawezi kuingilia mambo ya wasanii. Septemba 2021 rapa Nicki Minaj aliandika kwamba rafiki wa binamu yake huko Trinidad alivimba korodani baada ya kuchanjwa chanjo ya UVIKO. Waziri wa Afya wa huko, Terrence Deyalsingh, hakusema kila mtu ana maoni yake. Watu wake walifuatilia, wakakuta hakuna kisa cha namna hiyo kilichoripotiwa, naye akasimama mbele ya waandishi siku chache tu baadaye akasema hivyo, huku akilalamika waziwazi kuwa wamepotezewa muda. Mashabiki walikasirika, lakini yeye alikuwa ameshajibu.

Siku ulipoapishwa ulituahidi kwamba uvumi wowote wa afya utajibiwa siku hiyohiyo. Nilipiga makofi peke yangu mbele ya runinga. Dawati la kujibu uvumi ulilolitangaza lina akaunti, nimeikagua: posti ya mwisho ni salamu za sikukuu, na picha yako. Wakati huohuo uongo haujasubiri. Watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walichambua habari zilizosambaa Twitter kati ya 2006 na 2017, wakachapisha matokeo mwaka 2018 katika jarida la Science: habari za kweli zilichukua takribani mara sita ya muda wa habari za uongo kuwafikia watu 1,500. Hapo ni pale ambapo kuna mtu aliyejisumbua kuusema ukweli.

Kwa hiyo tunajisumbua sisi. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na tangu posti ile itoke nimekuwa msemaji wa wizara yako bila mshahara wala bando. Usiku madaftari yanalala bila kusahihishwa, mimi najibu komenti. Nikiweka takwimu, naulizwa mabeberu wamenilipa kiasi gani. Nikinyamaza, nimeishiwa hoja. Kuna aliyechukua picha yangu akaichora pembe mbili na sindano mkononi, ikapendwa na watu wengi kuliko chochote nilichowahi kuandika maishani. Hayo nayameza. Lakini mdogo wangu wa tumbo moja amenitoa kwenye kundi la familia kwa sababu nilimuuliza mtoto wake anapelekwa lini dozi ya pili ya surua. Alinijibu kwa klipu yako, Mheshimiwa. Bila neno lolote.

Surua si mafua. Mgonjwa mmoja anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Ndiyo maana, ili isisambae, inatakiwa watu 95 katika kila 100 wawe na kinga.

Nadhani najua kinachokuzuia. Msanii ana wafuasi wengi kuliko wizara, wafuasi wana kura, na majukwaa ya kampeni hayanogi bila muziki. Au labda ni chawa wako wanaokwambia kwamba ni kiki tu, itapita. Sina ushahidi. Hayo sasa ndiyo maoni.

Nilitaka nikuombe mkutano na waandishi, dawati lifufuliwe, madaktari wa watoto waende redioni, walimu tupewe maelezo ya kueleweka, na dawati lifufuliwe kweli, si kwa salamu za sikukuu. Naona nakuchosha. Niache hayo yote.

Andika tu chini ya posti ile, kwa akaunti yako mwenyewe yenye tiki: "Chanjo ya surua haisababishi usonji." Maneno matano. Usimtaje msanii, usimgombeze, usiweke picha. Mdogo wangu anakufuata wewe. Mimi ameshanibloku.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa baiolojia