Waandishi wa habari waachwe waandike historia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu hoja ya msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba magazeti yaache kuchapisha makala za historia, kwa kuwa waandishi wa habari hawakusomea fani hiyo, na kwamba kazi yote iachiwe wahadhiri wa vyuo vikuu. Nimefundisha historia katika shule za sekondari za Moshi na Arusha mpaka nilipostaafu, na kazi ya wahadhiri naiheshimu sana. Hata hivyo hoja hiyo siikubali, na sababu yangu kubwa ni maisha ya Mwingereza mmoja ambaye vitabu vyake vilipita mikononi mwa wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki bila wao kujua kwamba mwandishi wake hakuwahi kusoma chuo kikuu.

Basil Davidson alizaliwa mjini Bristol tarehe 9 Novemba 1914. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kubandika matangazo ya ndizi kwenye madirisha ya maduka kaskazini mwa Uingereza. Akaingia katika uandishi wa habari, akafanya kazi katika jarida la The Economist na gazeti la jioni la The Star la London, ndipo Vita Kuu ya Pili ikamkuta. Serikali yake ilimtuma Budapest kufanya kazi za siri kwa kisingizio cha kuendesha shirika la habari. Mwaka 1941 alikamatwa na Waitalia huko Yugoslavia, akaachiwa kwa kubadilishana wafungwa, na Agosti 1943 akarudi nchi hiyo hiyo kwa parachuti, safari hii akiwa ofisa wa mawasiliano kati ya jeshi la Uingereza na wapiganaji wa msituni waliokuwa wakipambana na Wajerumani. Vita ilipokwisha mwaka 1945 alikuwa kaskazini mwa Italia, mjini Genoa, akiwa na cheo cha luteni kanali.

Naitaja miaka hiyo ya vita kwa sababu ndiyo iliyomfunza jambo ambalo baadaye lilimfaa sana barani Afrika. Aliishi miezi mingi na wakulima waliowalisha na kuwaficha wapiganaji huku wakijua kwamba wakigunduliwa kijiji chao kitachomwa moto, akaona kwa macho yake kwamba vita ya namna hiyo haiwezi kudumu hata wiki moja pasipo ridhaa ya wanavijiji. Kwa hiyo alipokwenda miaka mingi baadaye katika maeneo ya Guinea-Bissau yaliyokombolewa na wapiganaji kutoka kwa wakoloni wa Kireno, hakutosheka na hotuba za viongozi. Aliangalia kama kuna shule, kama kuna zahanati, na nani anayegawa chumvi na nguo.

Baada ya vita aliandikia The Times akiwa Paris, kisha akahamia jarida la New Statesman. Mwaka 1951 alisafiri hadi Afrika Kusini, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu kilichoeleza ubaguzi wa rangi kwa uwazi uliowaudhi watawala wa huko, wakampiga marufuku kuingia nchini mwao. Marufuku hiyo haikumnyamazisha. Kwa muda wa miaka karibu 40 iliyofuata alizunguka bara hili, akaandika vitabu zaidi ya 20, na riziki yake ilitokana na kalamu yake badala ya kiti cha kudumu cha chuo kikuu.

Hapa nataka msomaji mwenzangu akumbuke hali ya elimu ilivyokuwa wakati huo. Mwaka 1963, miaka miwili baada ya Tanganyika kupata uhuru, Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia wa Chuo Kikuu cha Oxford, alitamka katika mihadhara yake kwamba historia ya Afrika ya kufundisha haipo, ila ipo historia ya Wazungu katika Afrika, na kilichobaki ni giza. Aliyesema hivyo alikuwa na shahada zote. Davidson, asiye na hata moja, alikuwa amekwisha kuchapisha mwaka 1959 kitabu chake Old Africa Rediscovered, kilichokusanya mahali pamoja habari za Kush na Meroe, Ghana na Mali ya kale, Benin, Kilwa, Zimbabwe, na mji wa mawe ulioko katika mkoa wetu wa Arusha, yaani Engaruka.

Engaruka iko wilayani Monduli, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kando ya barabara inayotoka Mto wa Mbu kuelekea Ziwa Natron. Magari ya watalii wanaokwenda kuutazama mlima Ol Doinyo Lengai hupita hapo kila siku, na wengi hawasimami. Mjerumani Gustav Fischer aliyaona magofu hayo mwaka 1883, na mtaalamu wa mambo ya kale Louis Leakey akayachunguza mwaka 1935. Yapo mabaki ya makazi yaliyojengwa kwa mawe kwenye mteremko, na chini yake mashamba yaliyogawanywa kwa kuta fupi za mawe, yakipata maji kwa mifereji iliyotolewa kwenye mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro. Ripoti ya Leakey ilikuwa imelala katika majarida ya wataalamu. Davidson aliisoma, akaiweka pamoja na habari za sehemu nyingine za bara, akaiandika kwa lugha ambayo mwalimu, karani au mfanyakazi wa reli angeweza kuifuata.

Kweli, si kila alichokiandika kimebaki kama kilivyokuwa. Leakey alikisia kwamba Engaruka iliwahi kuwa na watu kati ya 30,000 na 40,000, na Davidson akayategemea makisio hayo. Wachimbaji wa mambo ya kale waliokuja kuanzia miaka ya 1960 wameonyesha kwamba huo haukuwa mji mmoja mkubwa bali vijiji kadhaa vya wakulima, vilivyostawi takriban kuanzia karne ya 15 hadi ya 18, na kwamba wakazi wake walikuwa wachache zaidi ya hapo, ingawa mashamba yao yalienea karibu hekta 2,000. Mtu anaweza kusema kwamba hilo linathibitisha hatari ya kumwachia mwandishi wa habari kazi ya mtaalamu. Mimi naona kosa hilo lilikuwa la mtaalamu kwanza, na wataalamu wengine ndio walioliondoa, kama inavyotakiwa. Mwandishi alichukua elimu bora iliyokuwapo siku zile akaifikisha kwa umma, na laiti asingefanya hivyo, watu walioijua Engaruka wangekuwa wachache mno.

Wala hakujitenga na wasomi wetu. Mwaka 1967 kilitoka kitabu cha kiada kuhusu historia ya Afrika Mashariki na ya Kati mpaka mwishoni mwa karne ya 19, ambacho Davidson alikiandika pamoja na J. E. F. Mhina wa Tanzania, kwa ushauri wa mwanahistoria Bethwell Ogot wa Kenya. Walimu wa rika langu tunakikumbuka vizuri. Kwa mara ya kwanza mtoto wa Machame au wa Same alifungua kitabu cha historia kilichoanza na wahunzi, wafugaji na wakulima wa nchi hizi, badala ya kuanza na meli ya Vasco da Gama.

Katika harakati za ukombozi Davidson alikuwa rafiki wa Amílcar Cabral, kiongozi wa wapigania uhuru wa Guinea-Bissau, na Julai 1968 alihudhuria mkutano mkuu wa pili wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, uliofanyika ndani ya Msumbiji yenyewe, katika jimbo la Niassa, upande wa pili wa mto Ruvuma, wakati Wareno wakidai kwamba wapiganaji hao hawana hata kipande cha ardhi. Miezi michache baadaye, tarehe 3 Februari 1969, kiongozi wa FRELIMO, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu Dar es Salaam. Cabral naye aliuawa Conakry tarehe 20 Januari 1973. Watu wengi wa Ulaya na Marekani walizijua vita hizo kupitia vitabu vya Davidson, na ushahidi wake ulikuwa na uzito kwa sababu alikwenda mwenyewe kwa miguu mahali ambapo waandishi wengine walipategemea taarifa za Lisbon.

Sitaki kumfanya malaika. Aliwapenda wapiganaji wale kiasi kwamba hakuwa mwepesi wa kuona mipasuko iliyokuwa ndani ya vyama vyao, na matumaini aliyoyaweka Guinea-Bissau yalipata pigo kubwa Novemba 1980, rais wa nchi hiyo, Luís Cabral, ndugu wa Amílcar, alipopinduliwa. Lakini alirudi kulitafakari jambo hilo. Mwaka 1992, akiwa karibu na umri wa miaka 78, alichapisha The Black Man's Burden, akieleza kwamba dola tulizozirithi kutoka kwa wakoloni, pamoja na mipaka na desturi zake za utawala, zilikatwa mbali na taratibu ambazo jamii zetu zilikuwa zimejitungia, na kwamba hapo ndipo shida nyingi za baada ya uhuru zilipoanzia. Baadhi ya hoja zake sikubaliani nazo, hasa nikizingatia jinsi Watanzania tulivyojenga taifa moja kutokana na makabila zaidi ya 120, lakini ni kitabu cha mtu mzima aliyekubali kuzihoji imani zake mwenyewe. Alifariki tarehe 9 Julai 2010, akiwa na miaka 95.

Kwa hiyo, Mhariri, badala ya kufunga ukurasa wa historia naomba uupanue. Mpeleke mwandishi wako Engaruka akae na wazee wa pale, kisha azungumze na wataalamu wa mambo ya kale waliochimba hapo. Mpeleke Marangu na Kibosho aandike habari za mifongo, mifereji ya asili ambayo Wachagga waliichonga kwenye mbavu za Kilimanjaro, na kamati za wazee zilizogawa maji yake kwa zamu, kabla waliosimamia zamu hizo hawajatutoka. Kila makala ipitiwe na mhadhiri mmoja kabla ya kuchapishwa, ili wasiwasi wa msomaji mwenzangu upate jibu linalostahili. Walimu wa historia wastaafu tuliopo Moshi na Arusha tuko tayari kusaidia kutafuta watu wa kuzungumza nao, na wala hatuhitaji malipo.

Mwalimu mstaafu,
Moshi