Wito wa Harambee: Mwalimu wa Kusema Arudi Ramisi

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na salamu kwenu nyote wazawa na marafiki wa Ramisi, Kwale, mlio nyumbani, Mombasa na Nairobi, na nyinyi mlioko Doha na Muscat ambao simu zenu hulia kila tukikwama.

Tunajua mmetuchoka. Juzi tu tuliwachangisha choo cha kitengo maalum cha shule yetu na ile njia ya saruji ya viti vya magurudumu, nanyi mkatoa mpaka mifuko ya saruji ikabaki. Leo tunabisha hodi tena, tumrudishe mtaalamu wa kuwasaidia watoto wetu kuwasiliana, na safari hii hatuna hata ukuta wa kuwapigia picha.

Kitengo chetu cha watoto wenye mahitaji maalum kina watoto 31. Wengi hawasemi kabisa, au husema wakaeleweka na mama zao tu. Muhula uliopita mvulana wa miaka tisa, mwenye mtindio wa ubongo, alianza kugonga kichwa ukutani na kukataa chakula. Shuleni tukaona ni ukaidi. Nyumbani nyanyake akaona ni shetani, mtoto akasomewa. Harufu ilipoanza kutoka ndipo alipopelekwa zahanati, na kumbe sikio lilikuwa limejaa usaha. Muda wote huo mtoto alijua vizuri panapomuuma. Alikosa njia ya kutuambia, basi akatumia ukuta.

Mwaka jana tulikuwa na mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, ambaye akina mama walimwita mwalimu wa kusema. Alikuja kwa miezi michache kwa hisani ya mfadhili, mradi ukaisha, naye akaondoka. Tulitarajia awakalishe watoto wakariri a, e, i, o, u. Badala yake siku ya kwanza aliomba awaone wakila. Kuna binti aliyekuwa akipaliwa na uji kila asubuhi na kuugua kifua kila baada ya wiki chache. Mtaalamu akaeleza kwamba misuli ya kumezea ni dhaifu na uji mwepesi unapotelea mapafuni. Akamfundisha mama kumketisha wima, kuukoroga uji uwe mzito, kutumia kijiko kidogo na kungoja ameze ndipo aongeze. Kifua kile kikatulia. Hakuna dawa iliyonunuliwa.

Halafu zikaja mbao za picha: maji, choo, njaa, inauma, sitaki, mama. Mtoto anaonyesha kwa kidole, asiyeweza kidole anaonyesha kwa macho. Baadhi ya wazazi waliogopa kwamba mtoto akizoea picha hatasema tena. Mtaalamu akasema sivyo, mtoto anayeeleweka hupata hamu ya kujaribu na sauti pia. Picha ya kwanza kuchakaa ni ile ya “sitaki”, na walimu wanaijua sababu. Mvulana wa sikio alijiunga nasi baada ya mtaalamu kuondoka. Hakuwa na ubao.

Tuseme na lingine, maana linatugharimu pesa. Mtoto akichelewa kusema, wengi wetu hukimbilia kumkata udata, kile kinyama cha chini ya ulimi, au kimeo. Kwa watoto wengi wa kitengo hiki ulimi hauna tatizo. Wako waliochelewa kulia walipozaliwa, wako waliopata manjano makali wakiwa wachanga, wako waliougua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, na wako ambao hawasikii vizuri na hakuna aliyewahi kuwapima masikio. Tena wapo wazazi walioambiwa waache kuongea Kidigo na mtoto ili “asichanganyikiwe”. Mtaalamu alilikataza hilo kwa ukali. Lugha mbili hazimfanyi mtoto kuwa bubu, na mama akinyamazishwa lugha yake mtoto atajifunza kwa nani?

Mtaalamu tunayeweza kumfikia yuko Mombasa mjini. Ni zaidi ya kilomita 50 mpaka Likoni kwa matatu, kisha feri. Feri haitozi anayevuka kwa miguu, lakini mama mwenye mtoto wa miaka minane mgongoni, katikati ya msongamano wa Likoni saa moja asubuhi, analipa kwa namna nyingine. Akifika, mtoto kachoka, analia, na nusu saa ya tiba inaishia kumbembeleza. Ni rahisi mtu mmoja aje kwetu kuliko watoto 31 wabebwe kwenda kwake.

Wataalamu hawa ni wachache. Shahada ya kwanza ya taaluma hii Afrika Mashariki ilianza Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008 tu, kwa hiyo anayepatikana tusimwachie. Wa kwetu amekubali kurudi. Anataka nauli, malazi na posho, na chumba ambacho mvua ikinyesha juu ya mabati mtoto bado atamsikia.

Ibara ya 54 ya Katiba yetu inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Haki tunayo, ubao wa picha hatuna. Na tusameheane, lakini kijiji hiki kinajua kuchanga. Harusi za Disemba tuliziona, na hema tulizihesabu. Wanasiasa hatukuwaalika, kwa sababu ya agizo la Rais la Julai 2024 lililowakataza maafisa wa umma kushiriki harambee, na kusema kweli hatuwakosi sana. Nabii Musa, anayejulikana msikitini na kanisani, aliomba fundo la ulimi wake lifunguliwe, na juu ya dua hiyo akaomba apewe ndugu yake Haruni amsaidie. Dua kwa watoto hawa mmeshaomba nyingi, Mungu azipokee. Sasa tunamtafutia kila mmoja Haruni wake.

Hesabu ni hii. Ziara za mtaalamu, siku mbili kila mwezi kwa miezi kumi ya masomo, Sh250,000. Kugawa ghala kuwa chumba, kuweka dari na mkeka, Sh140,000. Mbao za picha na viti vya kuwashikilia watoto wasiokaa wenyewe, vitakavyotengenezwa na fundi wetu hapa hapa, Sh60,000. Jumla Sh450,000. Wazazi tumeshatoa Sh87,500, wengine kwa kuuza nazi. Zimebaki Sh362,500.

Pesa zitaingia akaunti ya shule yenye sahihi tatu. Risiti zitabandikwa mlangoni mwa ofisi na kusomwa kwenye mkutano wa wazazi kila mwisho wa muhula. Namba ya Paybill mwombeni mwalimu mkuu au mweka hazina wetu. Msitume kwa namba ya mtu binafsi, hata akijitaja ni wa kamati.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya muhula huu, saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Asiye na pesa alete mbao kavu, rangi au godoro kuukuu. Fundi anataka vipimo vya watoto kabla ya siku hiyo, kwa hiyo, wazazi wa kitengo, waleteni watoto Alhamisi mapema.

Katibu, Kamati ya Wazazi wa Kitengo, Ramisi