Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi kabla ya kupiga plasta dari

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wanaokarabati nyumba huku wakiishi humo humo. Mimi ni fundi plasta. Dari naipiga nikiwa juu ya ngazi, mwiko wa chuma mkononi, maji yakinichuruzika hadi kwenye viwiko, na katikati ya dari hiyo zipo nyaya za taa. Nikiuliza kama umeme umezimwa, jibu mara nyingi ni lile lile: "Tumeshazima swichi, fundi, wewe endelea."

Swichi ya ukutani inakata waya mmoja tu. Katika nyumba nyingi umeme hufika kwanza kwenye silingirozi, kile kifuniko cha darini taa inapofungwa, ukapita kwenda taa nyingine, na waya mwingine ndio unaoshuka kwenye swichi. Taa imezimika, lakini pale juu laivu, yaani waya unaoleta umeme, ipo muda wote. Kuna pabaya zaidi: aliyefunga swichi akiiweka kwenye nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, taa inazimika vizuri kabisa huku holda yenyewe ina umeme. Rangi nazo zisiaminiwe. Waya mweusi au wa buluu unaorudi kutoka kwenye swichi mara nyingi ni laivu ya taa, na aliyeufunga hakuutia alama yoyote.

Kwa hiyo fundi umeme aje kabla yangu. Azime breka ya taa au swichi kubwa; kama ni fyuzi, aichomoe akae nayo mfukoni, maana hakosekani mtu wa kurudi nyumbani, akakuta giza, akaenda kuwasha. Kisha apime. Testa ijaribiwe kwanza mahali penye umeme wa uhakika, ndipo iguse nyaya za dari, halafu irudishwe pale pa kwanza, kwa sababu testa mbovu nayo haiwaki. Kabla ya kufungua chochote apige picha na kubandika alama kila waya.

Nyaya zisiachwe zikining'inia na tepu nchani. Gundi ya tepu huachia ikilowa, na plasta mbichi inapitisha umeme. Ikiwa jioni familia itahitaji taa za vyumba vingine, laivu zinazopita ziungwe pamoja, nyutro kwa nyutro, athi (waya wa ardhini) kwa athi, kila kundi kwenye konekta yake, yaani kiungio cha nyaya, na waya wa swichi ubaki peke yake kwenye konekta. Vyote viingie ndani ya boksi lenye kifuniko. Lakini saa ninazofanya kazi, umeme ubaki umezimwa.

Wapo wanaonijibu kwamba wana kifaa kinachokata umeme ukivuja. Ni kizuri, natamani kila nyumba iwe nacho. Hata hivyo vingi vimewekwa vikate umeme uvujao ukifika miliampea 30, na mshtuko usioua bado unaweza kumwangusha mtu kutoka kwenye ngazi. Ukishika laivu na nyutro kwa pamoja, huenda kisihisi chochote.

Na tafadhali msiniombe nifukie maungio ya nyaya ndani ya plasta ili dari ionekane safi. Sifanyi. Ungio likilegea hupata moto, na hakuna atakayelifikia bila kubomoa. Nitaacha tundu nadhifu, na taa irudishwe plasta ikishakauka na kugeuka rangi nyepesi kote.

Wenzangu wa mwiko, hasa vijana mnaoogopa kumuudhi mwenye nyumba: ombeni kuona breka ikiwa chini na nyaya zikipimwa mbele yenu kabla ya kuchanganya ndoo ya kwanza. Plasta ikishachanganywa inaanza kuganda, na hapo ndipo watu husema "twende hivyo hivyo".

Fundi plasta,
Msomaji wako