Sumbua Asiuzwe

Muscat, Ijumaa usiku

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Mimi mzima, alhamdulillah. Joto tu, na joto la huku halina mgeni wala mwenyeji.

Ujumbe wa Mjomba nimeupata: mchele, mbuzi wawili, na "vitu vidogo vidogo" vya hitma ya arobaini ya Bibi. Riali 120 nimezituma leo asubuhi kwa jina la Dada. Hivyo vidogo vidogo sikuuliza ni vipi. Ila mwambieni Mjomba kwamba yule aliyemwita mvivu sasa ni msimamizi wa ghala zima, watu kumi na wanne wako chini yangu, na wawili kati yao wana digrii. Na gari nimenunua. Limetumika, lakini kipupwe chake kinagandisha vidole. Bibi nilikuwa nimemwekea habari hiyo nimwambie uso kwa uso, siku za Maulidi.

Basi. Nimekaa kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningetukana. Nasikia Sumbua, punda wa Bibi, amepata mnunuzi, mtu wa ng'ambo ya Mokowe. Nani kasema anauzwa? Udongo wa kaburi haujakauka, Mama!

Kama ni mirathi, kadhi yupo. Fungu la Mjomba ni mara mbili ya lako, hiyo ni sheria ya Mungu, siikatai. Ataje bei, nitamlipa fungu lake, na la Mama Mdogo pia akitaka. Lakini punda hatoki mtaa wetu wa Langoni, hapo Lamu. Huyo mnunuzi hata kazi ya punda hana, na sote tunajua ngozi inakotafutwa. Umoja wa Afrika ulikataza mwaka 2024 punda kuchinjwa kwa ajili ya ngozi, lakini mwizi hasomi gazeti. Bibi alipoisikia habari ile redioni alinipigia simu usiku, akaniuliza kama kweli huko China ngozi huchemshwa ikawa dawa. Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Watu wazima?" na kukata simu.

Unakumbuka siku ya yule kijana wa mawe? Mimi nilikuwa darasa la nne. Alipita na punda wake, shogi imejaa matumbawe mpaka miguu ya mnyama inatetemeka, naye anamchapa. Bibi hakupiga kelele. Alishuka barazani na kanga yake ya kupikia, akashika hatamu, akaanza kuteremsha mawe moja moja na kuyapanga kwenye ngazi yetu, akihesabu kwa sauti. Alipofika kumi na moja akamwambia kijana, "Haya yatakungoja. Rudi uyachukue." Kisha akamletea chai. Kijana! Nami nikatumwa maji ya punda, kwenye karai lako la kufulia, ukanigombeza mimi.

Na kidonda cha Sumbua, pale shogi ilipomchubua. Kila asubuhi kabla ya jua kali walikwenda hospitali ya punda pale ufukoni, Bibi mbele na punda nyuma, hana kamba wala nini. Ile hospitali ilianza mwaka 1987 na matibabu ni bure, lakini Bibi hakuwahi kwenda mikono mitupu. Kila safari alifunga mahamri kwenye kitambaa awapelekee waganga. Alisema zamani walikuwa na maji ya chumvi na dua tu, sasa dawa ipo, asiyempeleka mnyama wake ataulizwa. Hapo ndipo huja hadithi ya yule mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa kwa njaa. Nimeisikia mara mia. Shehe naye anaisikiliza, kajilaza juu ya mswala, na Bibi anasali pembeni kwenye sakafu kwa sababu paka kalala.

Hapa Mutrah, sokoni kwa samaki, paka ni wengi. Juzi nimenunua tasi, nikajikuta nimechutama namrushia mmoja matumbo huku nasema "njoo, mwanangu, njoo," kwa sauti ile ile ya Bibi. Mzee mmoja wa Kiomani aliyezaliwa Unguja akanijibu kwa Kiswahili, "Huyo keshashiba." Nikacheka, halafu nikaenda kukaa garini muda mrefu.

Nilimwahidi Bibi kwamba siku za Maulidi tutakwenda pamoja kuangalia mashindano ya punda. Nilimwahidi na mwaka juzi. Ile sauti yake ya mwisho aliyonitumia bado ninayo: anaulizia koo langu, na nyuma Sumbua analia mpaka maneno hayasikiki, naye anamkemea, "Ngoja nizungumze na mwanangu." Sijaifuta.

Kwa hiyo, Mama, mfikishie Mjomba salamu zangu za heshima na hilo la fungu. Kama ameshapokea arbuni, airudishe, nitaifidia. Kaka ampeleke Sumbua hospitali wiki hii akapewe dawa ya minyoo. Dada asisahau vifuu vya maji pale ukutani, avijaze kabla ya adhuhuri, viumbe wakija wakakuta vikavu watakwenda kwa jirani. Na Shehe msimtoe kwenye mswala.

Nijibu upesi.

Mwanao